Kuchagua Chuo cha Jamii cha Marekani kwa Masomo ya Uhandisi

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Haya ndiyo maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Kiongozi wa darasa na ayasome kwa sauti, polepole, na wanafunzi wafuate kwa kidole. Mwisho wa somo yapo maneno ya kukumbuka na maswali ya kujibu.

MWALIMU: Wasikilizaji wetu, hamjambo? Hamjambo ninyi mlioketi darasani, na ninyi mnaotusikiliza nyumbani. Daftari na kalamu ziwe tayari, maana leo tutasoma na tutahesabu. Somo letu lahusu safari ya mbali, lakini laanzia mezani kwenu. Tutajifunza jinsi ya kuchagua chuo cha jamii huko Marekani kwa kijana atakaye kusomea uhandisi, yaani kazi ya injinia. Leo ninao hapa Mama mmoja na mumewe, Mzee, wanafunzi wa darasa la watu wazima kama ninyi. Na binti yao amekuja pamoja nao. Karibuni.

BINTI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Haya, Mama, tuelezeni shauri lenu.

MAMA: Binti yetu amemaliza kidato cha nne, na hesabu amepata vizuri. Ataka kujenga barabara na madaraja. Mtu mmoja amemletea kijitabu chenye picha nzuri za chuo cha Marekani, akasema nafasi itapatikana upesi.

MZEE: Nami niko tayari kuuza shamba la minazi. Lakini sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nataka kujua ninanunua nini.

MWALIMU: Umesema vema, Mzee. Basi leo tulifungue gunia tumtazame mbuzi.

Chuo cha jamii ni nini?

MWALIMU: Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili, na kwa kawaida ni mali ya umma. Kiliwekwa kwa ajili ya watu wa mji ule na wilaya ile: wafanya kazi, akina mama, na vijana waliotoka shule. Cha zamani kuliko vyote vya umma ni kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Leo viko karibu elfu moja katika nchi nzima. Vingi vyao havidai mitihani migumu ya kuingilia, na ada yao ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu.

Safari ya watoto wetu kwenda kusoma huko si jambo jipya. Mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, ndege moja iliwachukua wanafunzi 81 wa Kenya kwenda Marekani. Wakati ule msaada ulichangwa na watu wengi. Leo mara nyingi mzigo wote ni wa jamaa peke yao, kwa hiyo kosa la kuchagua huwaangukia wao.

Sasa sikilizeni sana. Injinia hamalizi masomo yake katika chuo cha jamii. Husoma hapo miaka miwili ya kwanza, kisha huhama kwenda chuo kikuu kumaliza miaka miwili ya mwisho. Shahada hutolewa na chuo kikuu. Chuo cha jamii ni daraja, na daraja lapimwa kwa mahali linapofikia ng'ambo ya pili.

MAMA: Kumbe! Sisi tulikuwa tukitazama upande huu tu: majengo, bustani, na maktaba.

MWALIMU: Watu wengi hufanya hivyo. Basi kanuni ya somo letu ni hii, iandikeni katika daftari: ANZA NA MWISHO. Kwanza jueni shahada itatoka chuo kikuu gani, na gharama yake mtaiweza. Ndipo mrudi nyuma kutafuta chuo cha jamii kinachofikisha pale.

Herufi moja yaweza kupoteza miaka miwili

MWALIMU: Binti, soma katika kijitabu chako. Masomo uliyoahidiwa yana herufi gani mwishoni?

BINTI: Pameandikwa A.A.S.

MWALIMU: Asante. Wanafunzi, andikeni ubaoni: A.S., na chini yake A.A.S. Hizi ni hati mbili za miaka miwili, na tofauti yake ni herufi moja. Ya kwanza, A.S., mara nyingi hutungwa kwa ajili ya mtu atakayehama kwenda chuo kikuu. Ya pili, A.A.S., hutungwa kwa ajili ya mtu atakayeingia kazini mara moja, kama fundi wa mitambo, mchoraji wa ramani za majengo, au msaidizi wa injinia. Kazi hizo ni nzuri na zina heshima yake. Lakini akiipeleka hati ya A.A.S. katika chuo kikuu cha uhandisi, huenda masomo mengi yasikubaliwe, akaambiwa aanze upya.

MZEE: Yaani ningeuza shamba kwa ajili ya herufi!

MWALIMU: Ndiyo, Mzee. Tena hata herufi A.S. peke yake haitoshi kuwa ushahidi, maana desturi za majimbo si moja. Lazima muulize kwa maneno: je, masomo haya ni ya kuhamia shahada ya uhandisi? Na jambo jingine la kufanana nalo: vyuo vikuu navyo vina shahada ya uhandisi, na vina shahada ya teknolojia ya uhandisi. Majina yakaribiana, lakini hesabu na fizikia zake si sawa, na njia ya kuandikishwa kuwa injinia yaweza kuwa mbali. Soma jina lote mpaka neno la mwisho.

Ithibati

MWALIMU: Neno letu jipya ni ithibati. Ithibati ni uthibitisho kwamba chuo kimekaguliwa na wakaguzi wanaojulikana, kikaonekana kinafundisha sawasawa. Kuna ithibati za namna mbili. Ya kwanza ni ya chuo chenyewe chote. Chuo cha jamii kisicho na hiyo, kiacheni, hata kama ni cha bei nafuu.

Ya pili ni ya somo lenyewe la uhandisi. Huko Marekani kazi hiyo hufanywa na shirika liitwalo ABET, ambalo asili yake ni mwaka 1932. Shirika hili hukagua kila somo peke yake. Kwa hiyo chuo kikuu kimoja chaweza kuwa na ithibati kwa uhandisi wa umeme, na kisiwe nayo kwa somo jingine. Majina yako wazi katika orodha ya ABET, na mtu yeyote aweza kuyatafuta kwa intaneti bila kulipa.

MAMA: Tukikitafuta chuo cha jamii katika orodha hiyo tusikione, tukikatae?

MWALIMU: La, Mama. Miaka miwili ya kwanza ya uhandisi katika chuo cha jamii kwa kawaida haina ithibati yake ya ABET, maana si shahada kamili. Kitafuteni chuo kikuu ambako binti atamalizia, na mtazame somo lile lile atakalolisoma, kama uhandisi wa ujenzi. Kisha ulizeni nyumbani. Kenya iko Bodi ya Wahandisi, chini ya sheria ya mwaka 2011. Tanzania iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Asiyeandikishwa na bodi ya nchi yake hana ruhusa ya kujiita mhandisi kazini. Basi kabla ya kusafiri, iandikieni bodi barua kuuliza shahada hiyo itapokewaje. Barua ni rahisi kuliko majuto.

Ngazi ya masomo

MWALIMU: Sasa tutazame masomo yenyewe. Injinia wa kila namna huanza kwa hesabu iitwayo kalkulasi. Iko ya kwanza, ya pili, na ya tatu, kisha hufuata hesabu ya milinganyo ya juu. Kando yake yuko fizikia, tena fizikia inayotumia kalkulasi. Iko kemia, na kuandika programu za kompyuta. Mjenzi wa madaraja huongeza somo la nguvu zilizotulia, liitwalo statiki, maana daraja ni kitu kinachobeba mzigo bila kusogea. Mtu wa umeme huongeza somo la saketi.

Masomo haya yamepangwa kama ngazi. Hupandi kidato cha pili kabla ya cha kwanza. Statiki yataka fizikia, na fizikia yataka kalkulasi. Ikiwa kila kidato cha hesabu ni muhula mmoja wa nusu mwaka, vidato vinne ni miaka miwili. Lakini chuo kikimpima binti kikamweka vidato viwili chini ya kalkulasi ya kwanza, je, itakuwa miaka mingapi?

BINTI: Vidato sita. Miaka mitatu.

MWALIMU: Sawasawa. Kwa hiyo wengi huambiwa miaka miwili, wakakaa mitatu. Muhula uliobaki nyumbani, rudia hesabu zako za kidato cha nne kwa bidii, hasa aljebra na trigonometria. Utakapofanya mtihani wa kupimwa, kila kidato utakachopanda ni pesa za baba yako.

Tena chunguzeni jambo hili: je, chuo chafundisha masomo yote hayo? Vyuo vidogo vingine havina statiki wala saketi, kwa kuwa wanafunzi wake ni wachache. Vingine hufundisha mara moja tu kwa mwaka. Aliyekosa nafasi mwezi wa Januari hungoja hadi Januari nyingine. Na sheria ya viza yamtaka mwanafunzi mgeni achukue kwa kawaida uniti 12 kila muhula, sehemu kubwa ziwe za darasani, si za intaneti. Basi akingoja somo moja, huenda akalipia mengine asiyoyahitaji. Ombeni ratiba ya masomo ya mwaka uliopita. Ratiba haipambwi kama kijitabu cha picha.

Majimbo manne ya kulinganisha

MZEE: Mwalimu, tupe majina basi. Nchi ile ni kubwa.

MWALIMU: Nitawapa mifano. Someni sababu zake, maana majina peke yake hayawatoshi. Jimbo la kwanza ni California, lenye vyuo vya jamii 116. Kuna De Anza katika mji wa Cupertino, Foothill katika Los Altos Hills, Diablo Valley katika Pleasant Hill, na Santa Monica karibu na Los Angeles. Vyote vina desturi ya kupokea wageni wengi. Faida kubwa ya California ni daftari la umma liitwalo ASSIST, lililoko katika intaneti. Humo mnachagua chuo cha jamii, chuo kikuu, na shahada, nalo lawaonyesha somo kwa somo: hili la hapa lakubaliwa badala ya lile la kule. Penye pengo, limeandikwa pengo. Hakuna haja ya kumwamini mtu kwa maneno.

Tena Chuo Kikuu cha California kina matawi sita yanayotoa ahadi ya nafasi kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii cha jimbo hilo aliyetimiza masharti. Matawi hayo ni Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara, na Santa Cruz. Ombi la ahadi hupelekwa mwezi wa Septemba, na ombi lenyewe la kuingia hufuata baadaye. Berkeley, Los Angeles, na San Diego hayatoi ahadi hiyo. Na tahadhari: baadhi ya matawi huyaondoa masomo ya uhandisi katika ahadi yao. Msome orodha ya mwaka ule ule mtakaoomba.

Jimbo la pili ni Washington, lililo kaskazini-magharibi. Si mji mkuu wenye jina hilo. Wao wana hati ya kuhamia iitwayo AS-T, Njia ya 2, iliyotengwa kwa ajili ya uhandisi, fizikia, na kompyuta. Vyuo kama Bellevue na Green River vina wageni wengi. Lakini kuingia idara za uhandisi za Chuo Kikuu cha Washington kwashindaniwa sana, hivyo alama ndizo zitakazosema.

Jimbo la tatu ni Florida. Chuo cha Valencia katika mji wa Orlando, kilichopata mwaka 2011 tuzo ya kwanza ya Aspen ya vyuo vya jamii, kina mapatano na Chuo Kikuu cha Central Florida kilicho katika mji huo huo. Mapatano hayo huitwa DirectConnect. Mtu ahama chuo bila kuhama mji. Ulizeni tu kama mgeni naye anaingia katika ahadi, na kama somo la uhandisi lina masharti yake ya zaidi.

Jimbo la nne ni Illinois. Chuo cha Parkland kiko katika mji wa Champaign, mlango kwa mlango na Chuo Kikuu cha Illinois chenye jina kubwa katika uhandisi. Mji wenyewe ni mdogo, umezungukwa na mashamba ya mahindi. Haufanani na Los Angeles kwa kodi ya nyumba. Lakini nako, ujirani si ahadi. Ulizeni mapatano yaliyoandikwa.

MAMA: Nimeelewa. Kila mahali swali ni lile lile: yameandikwa wapi?

MWALIMU: Mama, umelishika somo.

Tuhesabu pamoja

MWALIMU: Shikeni penseli. Uniti ni kipimo cha somo. Vyuo vingine husema krediti. Tangu mwaka 2012 mwenyeji wa California amekuwa akitozwa dola 46 kwa uniti moja ya semesta. Wageni wengi husoma bei hiyo wakashangilia. Si yao. Mgeni huongezewa ada nyingine, ikawa mamia ya dola kwa uniti, maana kodi zinazotegemeza chuo ni za wenyeji.

Sasa iko mitego ya hesabu. Vyuo vingine hugawa mwaka katika semesta, vingine katika robo. Vya De Anza na Foothill ni vya robo. Uniti 60 za semesta ni sawa na uniti 90 za robo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, Chuo cha Kwanza chatoza dola 400 kwa uniti ya semesta, na Chuo cha Pili dola 300 kwa uniti ya robo. Kipi ni rahisi? Zidisheni.

BINTI: 400 mara 60 ni 24,000. Na 300 mara 90 ni 27,000. Cha Kwanza ni rahisi!

MWALIMU: Macho yaliona 300, lakini penseli imeona 27,000. Haya, tuendelee. Tuseme nyumba, chakula, basi, na bima ya matibabu ni dola 18,000 kwa mwaka. Vyuo vingi vya jamii havina mabweni, hivyo mwanafunzi hupanga chumba mjini. Akikaa miaka miwili ni 36,000. Akikaa mitatu kwa kukosa kidato cha ngazi ni 54,000. Tofauti ya ada ya vyuo viwili ilikuwa 3,000. Tofauti ya mwaka mmoja wa kuchelewa ni 18,000. Mwaonaje?

MZEE: Naona kwamba ratiba ya masomo ni ghali kuliko ada.

MWALIMU: Kabisa. Na sasa jambo ambalo mawakala husahau kulitaja. Baada ya chuo cha jamii yaja miaka miwili ya chuo kikuu, na hapo mgeni hulipa bei kamili. Katika Chuo Kikuu cha California, ada, nyumba, na chakula kwa mgeni hupita dola 60,000 kwa mwaka mmoja. Kwa miaka miwili hupita 120,000. Mtu akiuza shamba lake lote kwa ajili ya miaka miwili ya kwanza, atafika katikati ya daraja bila nauli ya kuvuka. Ndiyo sababu twasema anza na mwisho. Viko vyuo vikuu vingine vya serikali vyenye ada ndogo kuliko hiyo, na uhandisi wao una ithibati ile ile ya ABET. California yenyewe ina mfumo wa pili, California State University, wenye tawi la uhandisi San José, si mbali na De Anza.

BINTI: Mwalimu, je, siwezi kufanya kazi nijilipie?

MWALIMU: Utaruhusiwa kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mshahara wake utasaidia chakula na vitabu, lakini hautalipa ada. Kazi ya nje ya chuo hairuhusiwi mwaka wa kwanza, na baadaye yataka kibali. Akishikwa anayefanya kwa siri, hupoteza haki ya kukaa, na safari yote ikaisha. Wala mgeni hapati mkopo wala ruzuku ya masomo ya serikali ya Marekani. Basi msihesabu fedha isiyo mkononi.

Mlango wa viza

MWALIMU: Hata chuo kikiwa kizuri, lazima mlango uwe wazi. Chuo chenyewe lazima kiwe na ruhusa ya serikali ya kupokea wageni. Kikisha kumkubali mwanafunzi na kuona karatasi za benki zinazoonyesha fedha za mwaka wa kwanza, hutoa hati ya I-20. Kisha mwanafunzi hulipa ada ya kuandikishwa, ambayo tangu mwaka 2019 ilikuwa dola 350. Halafu hulipa ada ya kuomba viza, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kuwa dola 185. Ada hizi huweza kuongezwa, na ya viza hairudishwi ukinyimwa.

Na jambo kubwa zaidi: mwaka 2025 Rais wa Marekani alitoa amri za kuzuia au kupunguza viza kwa raia wa nchi kadhaa. Mwezi wa Juni, Somalia na Burundi ziliingia. Mwezi wa Desemba orodha ikarefushwa, na Tanzania ikawekwa katika nchi zilizopunguziwa. Amri za namna hii hubadilika, huongezwa, huondolewa. Kwa hiyo kabla ya kuuza hata nazi moja, ulizeni ubalozi: je, mwenye pasi ya nchi yetu anapewa viza ya mwanafunzi leo? Hilo ndilo swali la kwanza kwa wakati, ijapokuwa tumelifikia mwisho.

Barua ya maswali

MZEE: Na yule mtu wa kijitabu, tumwambie nini?

MWALIMU: Mwambieni asante, na mumwulize nani anamlipa. Wako mawakala wanaolipwa na chuo kwa kila mwanafunzi. Si dhambi, lakini mwenye kulipwa na chuo hukisifu chuo. Ninyi andikeni wenyewe kwa ofisi ya wanafunzi wageni. Binti aandike kwa Kiingereza, nanyi mjue kila swali linauliza nini. Barua yenyewe yaweza kuwa hivi:

"Kwa Ofisi ya Wanafunzi Wageni. Nimemaliza kidato cha nne, nataka kusomea uhandisi wa ujenzi na kuhamia chuo kikuu. Naomba mnijibu maswali haya. Moja, ni vyuo vikuu gani vilivyo na mapatano nanyi yaliyoandikwa kwa somo hili, na naweza kuyasoma wapi? Pili, je, ahadi ya nafasi yamhusu mgeni na yahusu uhandisi? Tatu, kalkulasi zote, fizikia, na statiki hufundishwa miezi gani ya mwaka? Nne, mtanipima namna gani katika hesabu? Tano, gharama yote ya mwaka kwa mgeni ni kiasi gani, pamoja na nyumba na bima? Sita, wanafunzi wageni wa uhandisi waliotoka kwenu mwaka jana walihamia wapi? Wenu mtiifu."

Pelekeni barua hiyo hiyo kwa vyuo vitatu au vinne, kisha mlinganishe majibu. Chuo kinachojibu maswali yote sita kwa maneno wazi kimekwisha kujieleza. Na chuo kinachojibu kwa picha nyingine, nacho kimejieleza.

Wala msisahau kulinganisha na vyuo vya hapa Afrika Mashariki. Nairobi, Juja, na Dar es Salaam kuna vyuo vikuu vinavyofundisha uhandisi, na wahandisi waliotoka humo wamejenga barabara mnazopita kila siku. Kwenda mbali si lazima kuwe ndiko kwenda juu. Ikiwa hesabu ya Marekani haitimii, kumaliza hapa ni bora kuliko kukwama kule.

MAMA: Basi, Mzee, shamba linabaki?

MZEE: Shamba linabaki mpaka majibu yaje. Kwanza ubalozi, kisha barua. Nikiuza, nitajua nauza kwa sababu gani na fedha zinafika wapi.

BINTI: Nami nitaanza na trigonometria leo usiku.

MWALIMU: Vema sana. Wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Yaliyobaki ni kazi yenu ya darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chuo cha jamii: chuo cha miaka miwili, aghalabu cha umma.
Kuhama: kutoka chuo cha jamii na kuingia chuo kikuu, ukichukua masomo yako.
Ithibati: uthibitisho wa wakaguzi kwamba chuo au somo linafundishwa sawasawa.
Uniti: kipimo cha somo kinacholipiwa na kuhesabiwa.
Mapatano: maandiko kati ya vyuo viwili yanayosema masomo gani yatakubaliwa.

MASWALI

1. Kwa nini Mwalimu alisema chuo cha jamii ni daraja?
2. Andika hati A.S. na A.A.S. Eleza tofauti yake kwa maneno yako.
3. Chuo kimoja chatoza dola 350 kwa uniti ya semesta, na kingine dola 250 kwa uniti ya robo. Hesabu gharama ya uniti 60 na ya uniti 90. Kipi ni rahisi, na kwa dola ngapi?
4. Mwanafunzi amewekwa kidato kimoja chini ya kalkulasi ya kwanza. Atahitaji mihula mingapi kumaliza ngazi ya hesabu?
5. Je, mngekuwa ninyi Mzee na Mama, ni swali gani mngeliuliza kwanza kabla ya kuuza mali? Zungumzeni darasani, kisha kila mtu aandike jibu lake kwa mistari mitatu.